Nguzo Isiyobeba Paa

Jumatatu, 2 Juni

Sijawahi kumwambia mtu hili: kanisani nikifumba macho, sisali. Najenga. Nahamisha madirisha. Napunguza kuta mpaka zinakuwa nyembamba kama karatasi, na mwanga wa asubuhi unapenya taratibu, kama maziwa kwenye chai. Watu wanasema "Amina" nami nashtuka. Paa bado!

Sasa Padre ameniomba nichore kikanisa cha mtaa wetu. Watu hamsini tu. Masharti: altare ionekane kutoka kila kiti, mlango upitishe kiti cha magurudumu, jua lisimchome msomaji machoni. Nimetii yote. Karibu yote. Nyuma kushoto nimeongeza nguzo. Nene. Nyuma yake, kando ya mabenchi ya mwisho, kiti kimoja. Changu. Hapo hakuna atakayeniona wakati wa kutakiana amani, wala wanapotafuta mtu wa kusoma somo.

Jumatano, 4 Juni

Balaa. Shangazi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Ameuliza nguzo inabeba nini. Nikasema paa. Akasema paa linabebwa na kuta, nimezichora mwenyewe. Nikasema basi inabeba maana: ni Mtume Petro. Akauliza mbona Petro anawaziba watu wa mabenchi matatu.

Bintiye, tunayemwita Spika kwa sauti yake, alicheka hadi akakaa chini. Anaitaka kona hiyohiyo iwe ya kwaya. Kona yangu! Padre, mtu wa amani, kasema Jumamosi tukaijaribu ramani uwanjani.

Jumamosi, 7 Juni

Kikanisa cha kamba! Tumekisimamisha kwenye nyasi kwa vigingi na kamba nyeupe. Meza ikawa altare, mbingu ikawa paa. Upepo ukipita, kuta zinatetemeka. Sijaona jengo zuri hivyo. Nikasahau hata kuogopa watu.

Shangazi akauliza nguzo iko wapi. Nilileta kila kitu ila nguzo. Akasema aliyeichora ndiye atakayekuwa nguzo. "Haya, Petro, simama hapo!"

Nikasimama. Wima, mbele ya macho ya mtaa mzima. Nimeruka majivu, nimekanyaga moto! Padre akaanza sala. Wote walio nyuma yangu wakanyoosha shingo kama twiga. Spika akanong'ona (akinong'ona yeye, barabarani wanasikia) kwamba nguzo inatoka jasho, labda saruji haijakauka.

Kisha wingu likasogea. Mwanga ukashuka mezani polepole, vilevile nilivyouota miaka yote. Nikawa kama naelea. Ndipo mtu akanivuta shati. Bibi wa nyumba ya jirani, kwenye kiti chake cha magurudumu. Kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, sogea kidogo. Naambiwa pazuri, lakini mimi naona mgongo wako tu."

Nguzo ikasogea. Nikapiga magoti kando ya magurudumu yake. Akaona. Alinishika mkono, akasahau kuuachia mpaka mwisho wa sala. Padre akasema nguzo imejiondoa yenyewe, tumshukuru Mungu.

Jumapili, 8 Juni

Kona wamepewa kwaya. Spika, kwa ukarimu wa mshindi, ameniwekea nafasi kwenye besi. Mstari wa mbele! Shangazi kasema sasa nimejua kwamba kanisani mtu hajengi maficho. Nimekubali kwa moyo wote. Kweli. Mkono wa bibi bado nausikia kwenye wangu.

Baada ya chakula niliingia chumbani, nikatandaza ramani kitandani. Nikaifuta nguzo, isibaki hata alama. Nikaweka rula toka kiti cha bibi hadi altare: hakuna kizuizi. Kisha nyuma ya kiti hicho, kulia, karibu na ukuta, nikachora chungu cha maua. Kimo changu. Nikachora na cha pili. Katikati ya vyungu hivyo nikaacha nafasi ya kiti kimoja.