Unyasi wa Kijani

Jumapili, 22 Desemba
Mama anasafisha nyumba utadhani Papa anakuja mjini kwetu Tarnów. Droo zote nje, godoro langu limesimamishwa ukutani. Bangi yangu ilikuwa humo! Tangu asubuhi naihamisha kama paka na watoto wake. Niko kifungo cha nje. Nikishikwa na chembe tu, ule mwaka mmoja naenda kuutumikia ndani. Hakimu alisema hivyo akinikazia macho, na shemeji Bogdan akatabasamu. Mjinga yule!

Jumatatu, 23 Desemba
Nimepata! Akili zangu zinanitisha mwenyewe. Kama mila yetu, Mama ametandaza nyasi kavu mezani kwa ajili ya mkesha wa Krismasi, juu yake kitambaa cheupe. Nimechanganya bangi yangu humo humo. Majani ndani ya majani! Tena mbele ya kile kiti tunachomwekea mgeni asiyetarajiwa. Tangu nizaliwe hajawahi kuja. Bogdan kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni furaha ya Noeli.

Jumanne, 24 Desemba
Mgeni amekuja.

Nyota ya kwanza imetoka tu, kengele ikalia. Bibi Pietrucha, afisa wangu wa probesheni! Eti anapita tu kunichungulia, haketi. Mama akasema kiti kipo, sahani ipo, leo harudishwi mtu. Nikampa kiti changu, nikasema pale pa mgeni pana upepo. Bogdan akasema upepo gani, pale ni karibu na jiko. Akamvutia kile kile cha mgeni. Mnafiki mkubwa!

Supu ikaja, samaki akaja. Bibi akaongeza mara ya pili. Akasema tangu mumewe afariki hakutegemea kula Krismasi na watu. Nilimhurumia kweli. Nilianza hata kumpenda.

Ndipo Mama akasema haya, tuvute nyasi! Kila mwaka tunavuta unyasi chini ya kitambaa kutazama bahati, na mimi nikasahau! Bogdan kavuta wa manjano. Bibi kavuta wa kijani, wenye vijani vyake. Mama akapiga makofi: kijani ni ndoa! Bibi akanusa. Akanusa tena. Akasema taratibu kwamba harusi hii anaijua harufu yake.

Mama akanigeukia mimi moja kwa moja. Hata hakumtazama Bogdan! Iliniuma sana.

Bibi alimaliza keki yake kwanza, kisha akawapigia polisi.

Ijumaa, 14 Februari
Mahakamani. Wakili alinisihi niseme najuta. Nikasema bangi ilikuja na nyasi kutoka shambani. Hakimu akamuuliza Mama nyasi alizitoa wapi. Akajibu dukani, zikiwa zimefungwa, tena alizichambua mwenyewe. Basi, mwaka wa zamani wote ndani, na miezi mitatu ya bangi mpya juu yake. Mama alilia. Nikamwambia asijali, chakula cha huko ni bure. Akalia zaidi.

Jumatatu, 24 Machi
Jela si pabaya. Joto lipo, supu ipo, mwenzangu wa chumba ni bingwa wa karata. Nimenenepa! Pasaka inakaribia. Mkuu wa gereza ni mtu wa dini: asubuhi ya Pasaka hukata kwa mkono wake mayai yaliyobarikiwa, akamgawia kila mfungwa kipande. Mayai yanaletwa na familia zetu. Nimeshamnong'oneza rafiki yangu wa mtaani alipokuja kunitembelea: atoboe yai, atoe ute na kiini, ashindilie bangi, alipake rangi vizuri, ampe Mama alete bila kujua. Mwenzangu wa chumba ananitazama tu, kashika kichwa. Wivu! Nani atashuku yai?