Msumari Wangu Ukutani kwa Mama Verna

Jumatano, 3 Mei
Mwanangu Junie ametafuna filimbi yangu ya kuitia bata mzinga. Sasa hivi tu, nikifunga kamba za viatu. Mwaka mmoja na miezi miwili, meno sita, na filimbi imekwisha.

Zimebaki siku nne za msimu wa kuwinda bata mzinga. Nyumbani kwa Mama Verna, mama mkwe wangu, kila mtu wa ukoo ana msumari ukutani, na juu yake mkia wa dume aliyempiga mwenyewe kwa upinde. Msumari wangu Mama Verna aliupigilia siku ya harusi yangu. Miaka mitatu, mtupu. Wifi yangu Twyla hutundika hapo glavu ya kushikia sufuria.

Alhamisi, 4 Mei
Nimegundua jambo. Nilimnyang'anya Junie biskuti yenye sisimizi, akalia kek-kek-kek kama bata mzinga jike, na dume akajibu kutoka mlimani. Nikarudia mara mbili kuhakikisha. Kisha nikampa biskuti mbili nzima, nikambusu.

Nikaenda kuazima jike bandia la Twyla, la mpira, la kumvutia dume. Akasema, "Chukua wifi, lakini lirudi lilivyo. Hilo nalipenda kuliko mume." Mume wake alikuwa papo hapo, akaendelea kula.

Jumamosi, 6 Mei
Mume wangu Garrett yuko kiwanda cha mbao. Kwa hiyo tulikuwa wawili kwenye hema la kujifichia, Junie mgongoni, jike la Twyla limesimama mbele yetu. Mama Verna alinionya kwamba bata mzinga anaona mpaka unachofikiri. Nivute upinde akinipa mgongo tu, mkia umefunguka, hapo haoni kitu.

Nikamnyang'anya biskuti. Junie akaita. Dume akaja mpaka hatua kumi na mbili, ndevu za kifuani zinafagia majani. Akageuka, mkia ukafunguka wote. Nikavuta upinde.

Junie akanivuta sikio, anadai biskuti yake.

Mshale umeng'oa mkia wa jike la Twyla. Dume kaondoka. Junie akapiga makofi.

Jumapili, 7 Mei
Niliubandika mkia kwa gundi. Nikimrudishia Twyla jike lake, ukadondoka mezani kwa Mama Verna, karibu na bakuli la maharage. Twyla akasema, "Hongera wifi, umempata asiyeweza kukimbia." Wote wakacheka, nami pia.

Mama Verna hakucheka. Aliinuka, akaondoa glavu kwenye msumari wangu, akautundika ule mkia wa mpira. Akasema, "Huu unaushikia mwenzake wa kweli nafasi." Nikajifanya namfuta Junie pua.

Msimu umefungwa leo saa saba mchana. Kosa langu nimeliona: biskuti ilikuwa ndogo. Mwakani Junie atakuwa na sauti kubwa zaidi, nami nitabeba pakiti nzima.

Garrett ananiita kutoka kibarazani. Anasema nitoke polepole, yule dume amesimama kwenye bustani yangu, anakula miche. Saa saba na dakika kumi. Si neno. Nambeba Junie na biskuti moja, amwite tu, ili dume aizoee sauti mapema, halafu mwakani akija nitamngoja na upinde.