Kura Niliyoisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Mwalimu Mstaafu,
Nyumba ya tatu baada ya ghala la mbao.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi.

YAH: KUTUPWA KWA KURA PEKEE ILIYOFANYIWA KAZI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiamini kwamba umeshapata usingizi baada ya siku ile ndefu ya kumchagua Rais. Mimi sijaupata. Leo ni siku ya tisa nazunguka humu ndani nikiongea peke yangu, na mke wangu, ambaye ni mkunga mstaafu na hapendi kelele, ameniambia ama nikuandikie wewe ama nihamie kwenye banda la kuku. Nimeona nikuandikie.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Nimesahihisha madaftari mpaka kidole changu cha kati kikaota sugu, ambayo naweza kukuonyesha siku yoyote utakayopita huku. Sasa ikatokea kwamba kituo changu cha kupigia kura ni Darasa la Sita B, chumba kile kile nilichofundisha muda wote huo. Kibanda cha kupigia kura mlikiweka palipokuwa na meza yangu. Nilipoinama juu ya ile karatasi, harufu ya chaki ikanijia puani, mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukatoka na kalamu nyekundu. Kilichofuata kilikuwa kazi, Mheshimiwa, na kazi hiyo imetupwa. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili msaidizi wako asipate shida.

1. Karatasi ya kura haikuwa na nafasi ya maoni. Wagombea walikuwa wanne, kila mmoja ametabasamu, na mbele ya kila tabasamu kisanduku ambacho hata ncha ya kidole gumba haienei. Mtu amehutubia nchi nzima kwa miezi miwili, halafu mimi nipewe kisanduku cha kumjibu! Ilinibidi niandike pembeni, na pembeni palipojaa nikageuza nyuma.

2. Maelekezo yalitaka tuweke alama ya vema mbele ya mgombea mmoja. Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo. Kwa mwalimu, vema ni kiapo. Ukiiweka kwenye jibu lisilo sahihi, mtoto anaondoka akiamini uongo mpaka uzeeni, na lawama ni yako. Mimi niliwafuatilia wote wanne. Nilisikiliza redio nikiwa na daftari mapajani, nikahudhuria mikutano mpaka jua likanibabua upara. Hakuna aliyefika hamsini. Sasa hiyo vema ningeiweka wapi? Katika miaka yangu thelathini na mmoja sijawahi kutunga swali lisilo na jibu sahihi, lakini Tume yako imelitunga moja na kulisambaza nchi nzima. Nikafanya alichopaswa kufanya mtu mwaminifu wa kazi yangu. Nakunukulia, kwa faida ya ofisi:

Mgombea wa kwanza, 31 kwa 100: "Majibu mengi. Onyesha njia."
Wa pili, 44 kwa 100: "Swali amelielewa, hajalijibu."
Wa tatu, 27 kwa 100: "Amenakili kwa wa pili. Wakalishwe mbalimbali."
Wa nne hakukanyaga huku hata siku moja: "Hakuhudhuria. Aje na mzazi."

Nikaandika tarehe, nikatia sahihi, nikaikunja vizuri na kuitumbukiza kwenye sanduku. Nilitoka pale kifua mbele.

3. Sikupewa utulivu. Nilitumia dakika thelathini na tano tu, lakini foleni ilikuwa imeshaanza kunung'unika, na dereva wa pikipiki aliyesimama nyuma yangu akapaza sauti, "Mzee, humo ndani unapiga kura au unaandika wosia?" Watu wakaangua kicheko, hata askari wenu. Mtu wa namna hiyo, zamani, ndani ya chumba kile, angepiga magoti mpaka kengele ilie.

4. Wino. Sina tatizo na wino. Nimeutaja kwa sababu naambiwa kila anayewalalamikia huutaja.

5. Msimamizi wa kituo. Naomba hapa usome polepole. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke niliyemfundisha mwenyewe Darasa la Sita B. Tulimwita Kidole, kwa kuwa kidole chake kilikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Siku hizi ndiye anayevichovya wino vidole vya wenzake, na amekuwa mtu mzima mwenye miwani na sauti ya ofisi.

Jioni kura zilipoanza kuhesabiwa, sisi tusiokuwa mawakala wa wagombea tuliambiwa tukae nje. Mimi nikasimama chini ya dirisha la tatu, ambalo halifungiki tangu nilipohamia shule ile, kwa hiyo nikaona na kusikia kila kitu. Kidole akaniona. Akatoka na kiti mkononi, akakiweka ukutani pale pale nilipokuwa nikiwasimamisha wakorofi, akasema, "Shikamoo mwalimu. Kaa bwana, miguu yako naijua." Naomba kiti hicho kiingizwe kwenye kumbukumbu kama udhalilishaji. Nilikalishwa mbele ya umma kama mgonjwa anayesubiri dawa.

Alipoifikia karatasi yangu, aliisogeza karibu na miwani. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Nikadhani anajifunza kitu. Kisha akaiinua mawakala waione, akasema, "Hii imeharibika." Fundi seremala wa mtaani kwetu, aliyekuwa wakala wa mgombea wa pili, akaruka: "Imeharibika wapi? Wangu ndiye aliyeongoza, ana arobaini na nne!" Wakala wa mgombea wa kwanza akadai kwamba wake ameandikiwa maneno ya kutia moyo. Yule wa mgombea wa nne akauliza kama mzazi akija matokeo yatabadilika. Kidole akawajibu wote kwa mkupuo: "Mwalimu hakuchagua. Maelekezo yanasema uchague mmoja." Akaiweka pembeni, peke yake, kama kitu kilichooza.

Umeona alivyonitaja? Siri ya kura yangu ikavunjwa hadharani. Ni kweli kwamba nilikuwa nimeitia sahihi, lakini sahihi ilikuwa ya kikazi.

6. Sasa sikiliza kilichotokea. Katika kituo chetu mgombea wa kwanza alipata kura 241, na wa pili akapata 241. Wa tatu na wa nne hawakuambulia hata moja, na kura iliyobaki ilikuwa ile iliyowekwa pembeni. Tangu siku hiyo upande mmoja wa mtaa unanilaumu kwamba nimewanyima ushindi, na upande wa pili unanilaumu vivyo hivyo. Fundi seremala alikuwa na mlango wa choo changu karakanani kwake, na sasa anasema ataurudisha nitakapochagua mmoja. Nyumbani nako sina pa kupumulia. Mke wangu, ambaye amezalisha nusu ya mtaa huu na husikilizwa kuliko mimi, amewaambia wageni wote waliokuja kutupa pole, "Waliuliza nani, yeye akajibu kwa nini." Sentensi hiyo imeshazunguka mtaa mzima, na juzi dereva wa pikipiki alinipita akiiimba.

7. Tabia ya msimamizi huyu tangu utotoni. Sipendi kumsema mwanafunzi wangu, lakini nchi ni kubwa kuliko mimi. Mtu huyu anayetupa kura za watu kwa jina la maelekezo ndiye mtoto aliyenisumbua kuliko wote kwa kutofuata maelekezo. Wakati mmoja, kwenye mtihani wa sayansi wa kumaliza mwaka, aliambiwa achague jibu moja kati ya manne. Akakataa kuchagua! Akaandika maoni yake pembeni! Nilimpa sifuri bila kupepesa macho, na alipokuja kubishana nikamtoa nje. Karatasi ya mtihani huo ninayo, maana situpi karatasi, na nitaiambatisha hapa kama ushahidi.

Kwa hayo yote, naomba Tume yako ifanye yafuatayo:

(a) Kura yangu itolewe ilikotupwa na ihesabiwe kwa alama nilizotoa, yaani 31, 44, 27 na "Aje na mzazi".

(b) Hilo likishindikana, uchaguzi urudiwe kituoni kwetu, kila mpiga kura apewe kalamu nyekundu, karatasi yenye mistari, na muda usiopungua dakika arobaini.

(c) Ikionekana si haki kituo kimoja kupendelewa, basi urudiwe nchi nzima. Nimeandaa mwongozo wa usahihishaji wenye kurasa kumi na saba ambao naweza kuutoa bure. Wagombea wote wakipata chini ya hamsini, warudie darasa mwaka mmoja, na katika mwaka huo kiti cha Rais kikae wazi kikifutwa vumbi kila asubuhi. Nimekaa na nafasi ya mwalimu mkuu ikiwa wazi kwa miaka miwili, na kengele haikukosa kulia hata siku moja.

(d) Kidole afutwe kwenye orodha ya wasimamizi wa uchaguzi, asipewe kituo tena maisha yake yote. Mtu anayethamini maelekezo kuliko fikra hafai kushika karatasi ya mwananchi anayefikiri. Katika mambo yote niliyoomba, hili ndilo nisilokuwa tayari kulipunguza.

Natumaini majibu yako yatafika mapema, kwa mwandiko unaosomeka. Nifikishie salamu kwa makamishna wote, makarani waliohesabu mpaka macho yakawatoka, anayewachemshia chai, walinzi wa getini, na yule aliyewapiga picha wagombea, maana kati yenu wote ni yeye tu niliyempa zaidi ya hamsini. Mke wangu naye anakusalimu na kukupa pole, ingawa hakusema pole ya nini.

Ni mimi niliyeumizwa na kisanduku,

Mwalimu Mstaafu
(sahihi, kwa wino mwekundu)

Nyongeza: Mheshimiwa, bahasha ilikuwa imeshafungwa, nikakumbuka ile karatasi ya ushahidi, nikaifungua tena. Kabla sijafika mbali nikaona pia kwamba kwenye fomu yenu ya malalamiko imeandikwa maelezo yasizidi ukurasa mmoja. Huu ninaouandika ni wa tano.

Karatasi nimeipata chini kabisa ya sanduku langu la bati, baada ya kuvuruga chumba kizima. Swali lenyewe ni la kumi na tisa, na nililitunga mimi: "Mnyama yupi kati ya hawa hutaga mayai?" Majibu niliyoyatoa ni ng'ombe, sungura, popo na nyangumi. Nilitaka wachague popo, kwa sababu anaruka. Watoto arobaini na wawili walichagua popo, nami nikawawekea vema, mmoja baada ya mwingine, zote arobaini na mbili. Kidole hakuzungushia herufi yoyote. Pembeni ameandika, herufi ndogo ndogo ili zienee: "Mwalimu, hapa hakuna jibu sahihi. Popo ananyonyesha. Nikichagua nitakuwa nimedanganya." Chini yake kuna mwandiko wangu mwekundu: "Hukuulizwa maoni. Fuata maelekezo. 0."

Nilimwita mke wangu aje aone. Akavaa miwani, akasoma, akasema, "Popo hatagi," akarudi kwenye shughuli zake.

Alama moja hiyo ndiyo iliyomkosesha mtoto yule nafasi ya kwanza, pamoja na zawadi ya kamusi aliyokuwa akiikodolea macho kabatini kwangu mwaka mzima. Kamusi alipewa mtoto aliyechagua popo. Naona aibu, Mheshimiwa, na sijui aibu huandikwaje kwa lugha ya kiofisi.

Kwa hiyo nakuomba ufute (a), (b) na (c), na (d) uifute kabla ya zote. Mpe Kidole kituo kila uchaguzi utakaokuja, na ukiweza mpe vituo viwili. Kura yangu iliharibika. Maelekezo yalikuwepo, nami ndiye niliyemfundisha kuyafuata. Karatasi yake siambatishi tena. Nimefuta ile sifuri, nimemwekea moja yake kwa kalamu nyekundu, na kesho asubuhi nampelekea pamoja na kamusi yangu mwenyewe, ingawa kurasa za herufi Z zimeliwa na panya.

Na lile la kiti, tafadhali, litoe kwenye kumbukumbu. Siku niliyompa sifuri nilimtoa nje, nikamwacha amesimama chini ya dirisha la tatu kipindi kizima. Yeye alinitolea kiti.