Mke Wangu Kaandamana na Wairani Bila Kufuata Zamu

East Ham, London
Julai 2009

Ndugu Mhariri,
Jarida la Jumuiya Yetu

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walioko nyumbani kwako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi naonekana na watu kila asubuhi nikinywa chai nimevaa kikoi, jambo ambalo nitalieleza.

Jina langu ni Msabaha Kombo, mzaliwa wa Wete, Pemba, mwanachama wa Jumuiya tangu ilipoundwa na mjumbe wa Kamati ya Maandamano. Nasema mapema kwamba sipingi maandamano, watu wasije wakanisingizia kuwa nimenunuliwa. Ninachopinga ni maandamano ya kuruka foleni. Tumeishi na Waingereza miaka mingi, na kama wametufundisha kitu kimoja, basi ni foleni. Mke wangu, Bi Mwanamwema, kairuka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Pazia.

Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na sisi, anakaa Mahin, mwanamke wa Kiirani anayetengeneza nywele. Mwezi uliopita, baada ya uchaguzi wa kwao, alitugongea mlango macho yamemvimba. Mtoto wa dada yake, msichana anayesomea udaktari Tehran, alitoka kwenda kuandamana na hajarudi nyumbani. Simu yake haiiti. Mke wangu alimtia jikoni, akafunga mlango. Nikasikia kilio, kisha kicheko, kisha kilio tena, kisha mkasi.

Huo mkasi, Ndugu Mhariri, ulikuwa unakata pazia langu la sebuleni. Lilikuwa la kijani, kitambaa kizito, nililichagua mwenyewe Southall dukani kwa Harjit, ambaye alizaliwa Kisumu na hunihudumia kwa Kiswahili. Waandamanaji wa Iran rangi yao ni kijani, na hawa wawili wakaona pazia zima linaninginia bure. Wakalichana vipande vya kufunga mkononi. Kesho yake, kwenye taarifa ya habari, nililitambua pazia langu kwenye mikono ya watu nisiowajua, likipita mbele ya dunia nzima.

Basi la ghorofa husimama mbele ya dirisha letu. Abiria wa juu sasa wananiona mpaka sahani. Kuna bwana mmoja wa miwani hunipungia mkono kila siku, nami nimelazimika kumpungia, maana adabu ni adabu.

2. Bango letu limechukuliwa.

Katika taarifa hiyohiyo nilisoma mabango yao. Yameandikwa kwa Kiingereza: Kura yangu iko wapi?

Hilo ni swali letu! Tumeliuliza baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa 1995, tukaliuliza 2000, tukaliuliza 2005, tumeliuliza mpaka limechakaa mdomoni. Kamati ya Maandamano iliundwa mwaka 2001 ili kutengeneza bango lenye swali hilo. Mwenyekiti wetu, Bwana Asad, mtu makini asiyependa kukurupuka, alitaka kwanza tukubaliane kama iandikwe "iko wapi" au "imekwenda wapi". Hoja yake ni kwamba "iko wapi" inaonyesha kura bado ipo, na "imekwenda wapi" inaonyesha imeondoka kwa miguu yake. Mjumbe mmoja akaleta "nani kaichukua", mkutano ukavunjika na biriani ikaliwa kimyakimya. Kazi hii imetuchukua miaka minane, na Mungu ni shahidi, tulikuwa tumekaribia alama ya kuuliza. Wairani, watu wa juzi tu katika mambo haya, wameliandika kwa usiku mmoja na asubuhi wakalitoa barabarani.

Nilitarajia japo watuombe ruhusa. Nilipomwambia hivyo mke wangu, alijibu, "Basi kama ni letu, twende tukalishike." Nakuuliza wewe, hilo ni jibu?

3. Ukoo.

Mke wangu ni mtu wa Makunduchi. Aliposikia kwamba mama yake Mahin katoka Shiraz, alipiga kigelegele kilichomwamsha mtoto wa nyumba ya tatu. "Sisi Washirazi!" akasema. "Wewe ndugu yangu wa damu!" Akamhadithia Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi, watu wanavyochapana kwa makuti ya migomba na kibanda kinavyotiwa moto. Mahin akalia, akasema hata kwao mwaka mpya ukikaribia watu huruka moto. Tangu siku hiyo wanaitana dada.

Sasa hukaa jikoni wakitafuta maneno ya Kifarsi na Kiswahili yanayofanana. Wamepata bandari, wamepata pilau, wamepata chai. Walipofika kwenye "serikali" wakacheka mpaka sufuria zikagongana ukutani. Mimi nilikuwa nasubiri chakula.

Ndugu hawa wa Shiraz, kama kweli ni ndugu, tuliachana nao miaka elfu iliyopita na hawakutuma hata salamu. Leo wamefikwa na matatizo, ndipo ukoo unakumbukwa?

4. Zamu.

Hili ndilo kubwa. Nilimuuliza mke wangu swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: "Mbona hukuandamana kwa ajili ya Burma? Mbona hukuandamana kwa ajili ya Kongo?"

Akaniuliza, "Wewe uliandamana?"

Nilimjibu kwamba hilo si suala. Sisi tunaouliza hatuwezi tena kuwa ndio tunaoandamana; huko kutakuwa kumpa mtu mmoja vyeo viwili.

Nikalipeleka jambo mkahawani Edgware Road, ambako mimi na wenzangu hukutana kuangalia dunia inavyokwenda. Mmoja akasema hawezi kuwaonea huruma Wairani mpaka kwanza wao wawalilie Wapalestina. Wa pili akasema vizuri, lakini Wapalestina nao waseme neno juu ya Darfur. Wa tatu akasema watu wa Darfur hajawasikia hata siku moja wakiitaja Pemba. Tukagundua kwamba kwa utaratibu huu hakuna mtu duniani anayeruhusiwa kuanza. Tukaagiza chai nyingine.

Hapo ndipo nilipobuni utaratibu wa alfabeti, ambao nauwasilisha kwako rasmi. Kila anayetaka kuandamana aanze na Afghanistan, afuate Burma, aende hivyo hivyo kwa uadilifu bila kupendelea. Iran itafika zamu yake baada ya Haiti na Honduras, na Honduras peke yake itamweka mtu kazini muda mrefu, maana mwezi uliopita rais wao katolewa nyumbani akiwa na nguo za kulalia.

Binti yetu Nusra, ambaye kazaliwa hapa, husikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, aliinua macho kwenye simu yake akauliza Zanzibar iko herufi gani. Sikulipenda swali lile. Baada ya kutafakari nikasema kwamba kwa ajili yetu tu, alfabeti inaweza kuanzia nyuma. Akasema basi Zimbabwe inatutangulia. Mtoto huyu tumemsomesha wenyewe.

5. Mwaka 2001.

Mke wangu akibanwa kwa hoja hukimbilia hapa, kwa hiyo bora nilieleze mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka ule watu walipopigwa risasi wakiandamana kule kwetu Pemba, na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, sisi wachache tulisimama barabarani mjini London, theluji nyepesi ikituangukia. Tulikuwa wachache kiasi kwamba wapita njia walidhani tunangoja basi. Mzee mmoja wa Kiingereza alijipanga nyuma yetu, akasubiri kwa heshima, kisha akaondoka akilalamika. Mimi sikuwa na habari za mdogo wangu wa kiume, kama yu hai au la. Nilishika ncha moja ya shuka tuliyoiandika kwa rangi, na ncha ya pili ilikuwa inapeperuka, haina mtu.

Ncha hiyo aliishika Mahin. Ndiyo kwanza alikuwa kahamia mtaani kwetu; mke wangu alimwambia tu kwamba watu wa mumewe wana msiba, naye akavaa koti akaja. Na alipiga kelele, Ndugu Mhariri! Alitaka Pemba aachiwe huru. Alitaka Pemba apewe wakili. Alitaka Pemba aonwe na daktari. Baada ya muda nikaelewa kwamba anadhani Pemba ni mtu, yumo gerezani. Alisimama mpaka jioni kwa ajili ya bwana ambaye hayupo.

Nilipomweleza kwamba Pemba ni kisiwa, alifikiri kidogo. "Kisiwa kizima?" akasema. "Basi hatukupiga kelele za kutosha." Akaanza upya.

Mke wangu anasema siku ile inatosha kuwa sababu. Mimi nasema kosa la jiografia haliwezi kuwa msingi wa sera. Mdogo wangu alipatikana salama, namshukuru Mola, lakini nani awezaye kuthibitisha kwamba ni kwa sababu ya kelele za mtengeneza nywele?

6. Ninachoomba.

Naomba Jumuiya ipitishe azimio kwamba mwanachama yeyote asihuzunike kwa ajili ya nchi ya nje mpaka apate kibali cha Kamati. Kamati hukutana kila baada ya Ramadhani, akidi ikitimia. Walioko magerezani nchi za mbali wajulishwe kwamba maombi yao yamepokelewa na wavute subira. Mtu mmoja asiruhusiwe kuwa na zaidi ya nchi moja ya nje kwa mwaka, na asiihamishe huruma yake kwa shemeji. Machozi ya dharura, kwa mfano mtoto wa jirani akipotea, yaruhusiwe jikoni, mlango ukiwa umefungwa, na mapazia yasiguswe. Dua naiacha huru. Mimi mwenyewe kila baada ya sala namwombea yule msichana, jina lake silijui, namtaja tu kuwa ni mtoto wa ukuta wa pili. Dua haina foleni.

Aidha, naomba Wairani waandikiwe barua ya heshima wabadilishe bango.

Jumamosi hii nitakwenda mwenyewe Kensington, wanakosimama mkabala na ubalozi wao, nimrudishe mke wangu nyumbani. Barua hii nitaisoma mbele yao wote, ili ionekane kwamba sikumsema mtu nyuma ya mgongo.

Kwa heshima zote nakuachia kalamu na nafasi ya kutosha ukurasa wa mbele. Nisalimie Bwana Asad na wajumbe wa Kamati, nisalimie mama watoto wako na wazee, na wote wanaotujua na wasiotujua.

Mimi mwenye kufuata utaratibu,
Msabaha Kombo

Nyongeza, Jumatatu:

Usiichape. Nakuletea tu ujue nilikuwa nafikiri nini kabla ya Jumamosi. Wino umechuruzika kwa sababu mvua ilinikuta nayo mfukoni.

Nilifika Kensington, nikaomba kipaza sauti ili nisome malalamiko yangu. Walinipa bila hata kuniuliza mimi ni nani, uzembe ambao Kamati yetu isingeufanya. Nilikuwa ndiyo kwanza nasafisha koo, simu ya Mahin ikalia. Akasikiliza. Akakaa chini palepale, juu ya lami yenye maji. Mke wangu akamdaka mabega, nami nikasema moyoni, basi, yametokea.

Mahin akainua ile simu, akaisogeza kwenye kipaza sauti nilichoshika. Sauti ya msichana ikatoka, ikajaa barabara nzima, inakwaruza, ina hasira kidogo. Wairani wote walipiga ukelele mmoja, polisi wakageuka. Mimi sikuelewa hata neno. Nikauliza, "Kasema nini? Kasema nini?" Mahin, analia na kucheka kwa pamoja, akaniambia: "Anasema wamemtoa, yuko kwa mama yake. Anauliza hizo kelele za nini, hasikii vizuri."

Nikamjibu mimi. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa kipaza sauti, kwa kirefu, nikamwita mwanangu. Polisi mmoja kijana akaniomba nipunguze sauti, nikashindwa. Baadaye nilicheza. Kuna picha; ukitumiwa, usione haya kuziweka jaridani. Mke wangu anasema hajaniona nikicheza vile hata siku ya harusi yetu, na ni kweli.

Tulipokuwa tunakunja vitu, mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anapita na mifuko yake alinisimamisha, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, "Baba, munafurahia nini?" Nilimweleza. Akasema wao wanasimama mjini kila Ijumaa kwa ajili ya Kivu, lakini wako wachache, watu wanadhani wanangoja kitu. Nimemwahidi nitakuwa pale, na Nusra kasema atakuja. Kasema kwa Kiswahili.

Kwa hiyo Ijumaa nina Kongo na Jumamosi nina Iran. Jumapili nina nafasi. Ukisikia nchi yoyote isiyokuwa na mtu wa kuipigia kelele, tafadhali niandikie ujumbe, usinipigie simu, maana kwa sasa sina sauti hata ya kuitikia salamu. Mpaka Jumapili itakuwa imerudi, inshallah.