Kiti cha Riziki

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Gitega.

Ukungu tangu alfajiri. Nimeamua! Mimi Husni, fundi cherehani, nitakuwa direkta wa Kagoma kabla wiki haijaisha. Kagoma ni timu yetu ya basketi ya wanawake, na jezi zake nashona mimi. Mwakani inakuwa timu ya kulipwa. Wachezaji watasaini mikataba, na direkta atapata ofisi yenye pazia. Pazia nitashona mwenyewe.

Nafasi iko wazi tangu Riziki afariki kiangazi kilichopita, Mungu amrehemu. Mama Zuena, rais wa timu na muuzaji wa vitenge vya jumla, amesema atamtaja mrithi Jumamosi, baada ya mechi ya Muyinga. Muyinga! Kwa shangazi Aisha aliyenilea! Shangazi ameshawatangazia majirani wote kwamba mimi ni direkta tayari. Sijui nani kamwambia. Yaani, nilimwambia mimi. Nikikosa, mtaa ule sikanyagi tena.

Nimemwendea Mama Zuena dukani. Alikuwa anakunja kitenge. Akaniambia kwamba wanawake wote anaowajua waliofika kuongoza basketi wamepita njia moja: uwanja, benchi, meza, ofisi. Riziki alicheza, akaumia goti, akawa kocha msaidizi, akakaa mezani kuandika pointi mpaka macho yakachoka, ndipo akaingia ofisini. Akaniuliza mimi nataka kupitia wapi. Nikasema mlangoni. Hakucheka.

Mpinzani wangu ni Egidius, katibu. Ana diploma na mkoba wa ngozi anaoubeba kama mtoto mchanga. Nimeuchungulia mkoba. Una ndizi.

Njiani nimepita uwanjani. Hakuna mtu. Kiti cha Riziki bado kipo kando ya mstari, kile cha kamba za plastiki za bluu. Hakuna anayethubutu kukikalia. Nimekikalia. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Nimefurahi sana. Asubuhi ya baridi namna hii, kiti cha joto ni bahati.

Jumanne, 4 Novemba. Gitega.

Kikao cha kamati. Egidius kaongea Kifaransa mpaka jasho likamtoka. Zamu yangu nikasimama, nikasema neno moja tu, kwa lugha ya mtaani ili linoge: "Mi ndiyo kiti ya Riziki!"

Karabaye, yaani balaa limeingia!

Nilikusudia cheo. Kiti cha ofisi! Lakini kwetu Waswahili wa hapa, kiti ni pia mtu anayepandwa na pepo, pepo akakaa kichwani mwake na kusema kwa kinywa chake. Nimelikumbuka hilo nikiwa nimeshakaa. Mama Zuena akavuta mtandio mpaka usoni. Arielle, kapiteni wetu, Mkongomani wa Uvira, mlokole kabisa, akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Egidius akaangusha kalamu, akaiokota, akaiangusha tena. Halafu Mama Zuena akaniuliza kwa adabu, adabu ambayo sijapata kuiona kwake, kama marehemu anahitaji chochote.

Mtu mwingine angesahihisha. Nikasema anahitaji Fanta.

Alhamisi, 6 Novemba. Gitega.

Mambo yananyooka! Uwanja umefukizwa ubani. Nimeletewa Fanta, brosheti za maini, yaani mishikaki, na kitenge kipya. Egidius ndiye aliyetumwa kuzileta brosheti, akasimama pembeni akinitazama nikila. Raha iliyoje!

Mpango ni huu. Jumamosi Mama Zuena atamuuliza Riziki nani amrithi. Riziki atasema Husni. Nani abishane na marehemu? Nimefanya mazoezi ya sauti mbele ya kioo: nyembamba, ya kukwaruza kidogo. Nilipofunga mdomo, ule wa kwenye kioo ulikuwa bado wazi. Vioo vya siku hizi!

Jioni Arielle kaja peke yake. Kasema yeye haamini mapepo, ila ana swali moja. Siku ya mwisho hospitali, Riziki alimwambia neno. Neno gani? Mimi nitajuaje? Nikafungua kinywa ili nikohoe. Badala ya kukohoa nikamwambia asirudi Uvira, amalize njia. Arielle akalia kwa kwikwi. Kasema siku ile chumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Kumbe nina kipaji cha kubahatisha! Dini ingeruhusu kamari, ningekuwa tajiri.

Ijumaa, 7 Novemba. Gitega.

Nimemaliza jezi za kesho. Namba saba hatushoni, ilikuwa ya Riziki. Nimekwenda sala ya Ijumaa, nimerudi, nimeikuta namba saba mezani imekwisha. Mlango niliufunga mwenyewe na ufunguo ulikuwa mfukoni. Cherehani bado ya moto. Nimeutazama mshono. Umenyooka kuliko wangu. Hilo ndilo lililoniudhi.

Goti la kushoto linauma. Msikitini nimesali nimekaa. Nimekutana na Egidius barabarani, kanisalimu kwa mikono miwili, kanibebea na mfuko. Sasa ananiogopa! Nikamwambia akunje magoti anapotembea, mtu wa basketi hasimami wima kama mlingoti, mimi nilipokuwa navaa saba sikusimama vile hata siku moja, hata goti lilipovunjika kule Bukirasazi nilirusha mipira ya adhabu kwa mguu mmoja na yote ikaingia, na Mama Zuena akanibeba mgongoni mpaka zahanati.

Sijui kwa nini nimeandika hayo. Sijawahi kucheza basketi. Maini ya jana yalikuwa na pilipili nyingi.

Jumamosi, 8 Novemba. Muyinga.

Leo yametokea mengi. Lakini niandike kwa utaratibu.

Tumeondoka asubuhi na basi dogo la kukodi. Mafuta yake yametafutwa wiki nzima. Karuzi tumepita kwenye mvua, na basi zima lilikuwa kimya. Kila nilipogeuka, wasichana waliangalia chini. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo heshima ya direkta.

Tumefika uwanjani. Kando ya mstari kuna kiti. Kamba za plastiki za bluu. Nikadhani kakileta Egidius. Egidius alidhani nimekileta mimi. Dereva akaapa kwa mama yake kwamba hakubeba kiti. Nikakaa, nifanyeje? Kilikuwa na joto.

Shangazi kaja na majirani zake, wamekaa mbele kabisa, wamevaa nguo za Idi. Anawaonyesha kwa kidole: yule pale, mtoto wangu, direkta. Nikampungia mkono. Moyo ulinijaa, siwezi kuficha.

Robo ya mwisho tulikuwa nyuma. Nikajikuta nimesimama. Nikapiga mluzi wa vidole, mimi nisiyejua mluzi! Nikawapanga wasichana upya, nikawatajia nani amkabe nani. Wakatii bila kugeuka, kama watu wanaoijua sauti ile tangu zamani. Tumeshinda.

Ndipo Mama Zuena akaja mbele ya watu wote, mtandio usoni, akauliza marehemu anamtaka nani. Saa yangu! Nikavuta pumzi. Jina langu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kinywa kikasema Arielle.

Nikataka kukiziba. Mkono haukuja! Kinywa kikaendelea, na sauti haikukwaruza hata kidogo. Ilikuwa ile ile, ya Riziki. Kikasema Arielle kacheza, kakaa benchi msimu mzima akifundisha wadogo, kaandika mezani wenzake walipokwenda kula. Kwake imebaki ofisi. Kikasema Egidius akaanzie mezani. Na huyu fundi je? Huyu hajadundisha mpira tangu azaliwe, na kamdanganya shangazi yake, yule aliyeketi pale, mwenye ushungi wa kijani. Mdomo wangu mwenyewe! Wallahi nilisikia kila neno, na nilikuwa ndani kama mtu aliyefungiwa chooni.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Wala hofu. Machozi yalinitoka, na hata hayo sijui yalikuwa ya nani, maana Mama Zuena aliyaona akaanza kulia naye, akamwita Riziki dada yangu, dada yangu.

Halafu vigelegele. Shangazi! Anawaambia majirani kwamba direkta mtu yeyote anaweza kuwa, ila kiti huchaguliwa.

Jumapili, 9 Novemba. Muyinga.

Nimelala kwa shangazi. Asubuhi kanitilia chai ya tangawizi, kanitaka nimweleze yote tangu mwanzo. Nimemweleza. Nilipofika kwenye Fanta alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka. Kasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kasema siku zote aliniombea Mungu aniletee riziki, basi ndiyo hiyo imekuja, na mwenyewe ndiye niliyemwalika.

Dawa yake kasema ni ndogo. Niende kwenye kile kiti, nisikikalie, nipige magoti, niseme kwa moyo safi: nilidanganya, nisamehe, nenda kwa amani. Kasema Riziki alikuwa mtu mwema, ataelewa. Nimemwahidi. Nimemwapia kabisa, mkono juu ya mkono wake.

Kanipa mandazi ya njiani. Moja limekutwa limeumwa kabla sijafungua karatasi.

Jumanne, 11 Novemba. Gitega.

Arielle ameingia ofisini. Pazia nimeshona mimi, bure! Kaniambia kwa upole kwamba kila mazoezi nitakaa kando ya mstari, maana Riziki lazima aulizwe. Nikauliza mshahara. Egidius, aliyekuwa amejikunyata kwenye meza ya pointi, akajibu kwamba kiti hakisaini mkataba. Nitapewa Fanta. Nimeicheki. Ni ya ndimu, na mimi siipendi ya ndimu. Nimeinywa yote na kuomba nyingine.

Mchana nimekwenda uwanjani kutimiza ahadi ya shangazi. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimepiga magoti mbele ya kiti. Kamba za bluu zilikuwa zimebonyea katikati, kama zinapobonyea chini ya mtu. Nimefungua kinywa kuomba msamaha. Wakati ule ule akapita mtu wa pikipiki ya teksimoto na habari: mwenyekiti wa timu ya voliboli ya wanawake ya Bukirasazi kafariki jana. Hana mrithi!

Nimeinuka nikajipangusa magoti. Msamaha utangoja. Mpanda ngazi hushuka, sawa, lakini ngazi si moja tu duniani. Kesho alfajiri nakwenda Bukirasazi kutoa pole. Nitasimama mbele ya wafiwa wote niseme machache. Na safari hii sitaji kiti, sina ujinga wa kurudia kosa. Nitasema tu hivi: mi iko tayari kumubeba marehemu. Nani ataelewa vibaya hapo?

Haendi mtu. Kesho saa kumi na mbili mazoezi, na magoti yakunjwe.

Ala! Mstari huo nani kauandika? Umenyooka kuliko wangu. Ni kalamu hii niliyoiazima kwa Egidius, hakika ina kasoro. Bukirasazi nitakwenda na nyingine.