Kisu cha Handaki na Ndafu wa Tumpe

Kwa Ndugu Chacha,
Mwenyekiti, Kamati ya Sendoff ya Tumpe,
Burnsville.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima na gari lako linawaka kwa baridi hii ya ughaibuni. Mimi mjomba wa bibi harusi ni mzima pia, ila nina kinyongo, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeona niandike.

1. Ujumbe wa kamati ulisema, "Mjomba aje na kisu chake cha kukatia ndafu." Nikaja nacho kwenye kikao cha Plymouth. Mimi natii maagizo, nyinyi mnarudisha viti nyuma.

2. Mmekiita silaha. Naomba uwaelimishe wajumbe. Hiki ni nakala ya kisu kilichobuniwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa mapigano ya ndani ya mahandaki: glavu ya chuma inayofunika ngumi, kisu kimechomoza mbele, na mkanda wa kukifunga mkononi kisidondoke matopeni. Askari wachache walijinunulia wenyewe, jeshi halikukipitisha. Sasa silaha iliyokataliwa na jeshi ni silaha gani? Ni kisu chenye sifa zote kilichokosa ajira, na wangapi kati yetu tulifika Saint Paul na vyeti vyetu yakatukuta hayo hayo?

3. Wajumbe wanalalamika kwamba aliyekivaa hawezi kufanya kazi nyingine kwa mkono ule. Na mjomba siku ya sendoff ana kazi gani nyingine?

4. Ndafu amepewa Duncan, Mkenya rafiki wa bwana harusi, eti kwa kuwa anafanya kazi chumba cha upasuaji. Ndugu Mwenyekiti, mbuzi ameshachomwa. Hana matumaini ya kupona.

5. Mimi nimepangiwa kuleta barafu. Marehemu dada yangu, mama yake Tumpe, aliniachia neno: "Siku ya mwanangu, ndafu ukate wewe." Hili limeniuma kuliko yote.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe ndafu wangu. Ikishindikana, kamati ichimbe handaki kwenye maegesho ya ukumbi, kisu kifanye kazi mahali pake, na wageni wa heshima washuke kwa ngazi. Najua ardhi imeganda, hivyo muanze mapema.

Wasalimie mama watoto na kamati nzima, pamoja na huyo mtakayempa barafu.

Mjomba mwenye haki yake,
Asajile Mwakibete

Tanbihi: Barua hii ameiandika mke wangu Hamida, mimi nikitamka tu. Mkanda umekwama tangu juzi, mkono hautoki, na hata kula ananilisha yeye. Umtume Duncan aje na mkasi wa hospitali, leo hii. Akishanifungua, ndafu akate yeye tu. Tumpe atakuja kuniaga siku hiyo, na sitaki kumpa mkono wa chuma.