Picha Isiyo na Juu wala Chini

Jumatatu, tarehe 4

Kwa jina la Mola aliyeitandaza ardhi na kuizungushia bahari. Salamu na rehema kwako, ewe ambaye daftari hili litakuangukia mikononi. Nisome kwa subira.

Mpwa wangu amerusha droni juu ya kijiji chetu, akaniletea picha yenye upana wa kitanda. Nimekaa mbele yake tangu adhuhuri hadi alasiri. Mapaa yametawanyika ufukoni kama punje zilizomwagwa na mkono wenye hesabu. Maji ya kina kifupi yana rangi nisizozijulia majina. Miaka sabini na miwili naishi hapa, na sikujua kwamba ni pazuri hivi!

Muuguzi mkuu wa zahanati ataitundika ukumbini wanakongojea wagonjwa, iwapo wazee tutaafikiana kufikia Ijumaa. La sivyo, ukuta utapakwa rangi ya krimu, na mpwa wangu atarudi kupiga picha za pasipoti. Haiwezekani.

Jumanne, tarehe 5

Fundi wa fremu aliuliza juu ni wapi. Picha iliyopigwa kutoka angani haina kichwa wala miguu! Nilitafakari kwa unyofu, nikaona kuwa juu ni pale ilipo nyumba yangu. Fundi akacheka, akasema basi mzee, bahari itamwagikia kushoto. Nilimjibu kwamba bahari imeshikwa na Aliye mkubwa kuliko misumari yake. Akafunga waya.

Jumatano, tarehe 6

Tumeitundika kwa majaribio, wazee waione kabla ya Ijumaa. Uzuri ulioje! Bibi mmoja mwenye kikohozi alisahau kukohoa.

Kisha akaingia shemeji yangu, Karani Mstaafu. Akapinda shingo. Akatangaza kwamba nyumba yake inaning'inia kama popo, akauliza kama mimi shemeji yake ninamtakia kizunguzungu au mauti kabisa. Nilimwambia kwa upole kwamba aliye chini asimwonee wivu aliye juu. Nadhani sikupaswa.

Alhamisi, tarehe 7

Picha imepinduliwa! Nyumba yangu iko chini, jirani na ndoo ya taka. Karani anasema pengine ni upepo. Upepo wenye bisibisi!

Nilirudi na bisibisi yangu. Nikamkuta mshona nyavu ametangulia na yake, akidai kuwa watu wa kusini hawajawahi kupewa nafasi. Sasa fremu ina kulabu pande zote nne. Mke wangu aliuliza kama tumemaliza uzee au tumeanza utoto. Hakungoja jibu.

Ijumaa, tarehe 8

Kikao baada ya sala. Kila mzee na upande wake. Sauti zikapanda. Muuguzi mkuu alitukumbusha kwa adabu kwamba kopo la rangi ya krimu liko mlangoni. Nikamwona mpwa wangu ameinamisha kichwa. Moyo ukanichoma.

Akainuka. Akaishusha picha, akailaza juu ya meza ndefu katikati ya ukumbi, akaifunika kwa kioo. Akasema, wajomba zangu, ndivyo nilivyokiona kijiji mimi, kikiwa chini yangu; haya, zungukeni.

Tukazunguka. Kila mmoja akasimama penye paa lake, na lilikuwa sawasawa. Karani alinionyesha kijia kati ya nyumba yake na yangu: cheupe, kimelika kwa nyayo zetu za miaka hamsini. Subhana'llah! Muuguzi mkuu ameagiza picha nyingine tatu.

Jumamosi, tarehe 9

Nimefunzwa unyenyekevu, alhamdulillahi.

Ila nimetambua kwamba anayeingia mlangoni hukutana kwanza na paa la Karani. Jambo dogo. Baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kuigeuza meza kidogo tu, nusu duara. Ilikuwa nzito mno. Nilipoinua macho, Karani alikuwa ameshika upande wa pili. Nilimshukuru kwa msaada wake, mpaka nilipobaini kuwa anasukuma kinyume.

Mola akubariki, ewe msomaji, wewe na wote walio nyumbani mwako, popote mlango wake unakoelekea.